Makaayi, ssere, namirembe, mbono au mgomba: kuchagua dawa ya mitishamba kwa kidonda kinachotoka damu

Hapa Uganda, mkulima anayepogoa migomba Masaka, au anayekata miwa karibu na Jinja, hujikata siku moja au nyingine, na mara nyingi kilicho karibu naye si kituo cha afya bali ni majani yaliyoota pembezoni mwa shamba. Hapo ndipo mashaka yanapoanza, kwa sababu washauri ni wengi na kila mmoja ana jani lake. Bibi anaamini makaayi na hataki kusikia lingine, jirani anakamua ssere, na mkulima wa vanila anavunja kijiti cha mbono kilicho mbele yake. Mimi nililelewa katika nyumba ambamo kila mkato ulikamuliwa ssere, na kovu lililo kwenye kidole changu cha shahada lilipona vizuri. Hata hivyo kovu moja haliwezi kumwongoza mtu mwingine, na kwa ajili hiyo nimeona vema kuyaweka majani haya upande kwa upande na kuyauliza maswali yaleyale.

Nani anazuia damu, mkono au jani?

Mkato mdogo wa ngozi huacha kutoka damu wenyewe. Mshipa uliokatwa hujibana, chembe ndogo sana za damu hukusanyika na kugandamana penye tundu, kisha nyuzi za protini hujisuka juu yake mpaka bonge la damu lishike; kwa mtu mwenye afya kazi hiyo yote huchukua dakika chache. Sasa tazama kinachotokea mtu anapotafuta jani. Dakika mbili zinapita akilitafuta, nyingine akilisugua viganjani, kisha jani linabandikwa na kukandamizwa kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Damu ikikoma, sifa zote huliendea jani, ilhali muda uliopita na kidole kilichokandamiza navyo vimefanya kazi yao.

Sisemi kwamba jani halikufanya lolote. Ninachosema ni kwamba swali la haki la kuuliza kila mmea ni hili: umeongeza nini juu ya kile ambacho kitambaa safi na mkono uliokandamiza vingefanya vyenyewe? Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi katika mashamba yetu: umeacha nini ndani ya kidonda? Mkato wa kawaida wa jembe hauui kwa damu iliyomwagika. Ukiua, huua baada ya siku kadhaa, kwa pepopunda au kwa sumu ya usaha iliyosambaa mwilini.

Vigezo nilivyotumia

Kila dawa nimeipima kwa mambo matano: namna inavyotumiwa, ushahidi wake katika kuzuia damu, ushahidi wake dhidi ya vijidudu na katika kuponya, hatari zake, na mtu anayefaa kuitumia. Kuhusu ushahidi, msomaji atofautishe ngazi nne. Ya kwanza ni uzoefu wa vizazi, ambao huonyesha mahali pa kuanza kuchimba. Ya pili ni maabara, ambako damu iliyo ndani ya chupa huwekewa dawa na kutazamwa kama itaganda upesi. Ya tatu ni wanyama, hasa panya. Ya nne ni watu waliogawanywa katika makundi, wengine wakapewa dawa na wengine wakapewa matibabu ya kawaida, kisha matokeo yakalinganishwa. Kwa mimea yetu, utafiti mwingi wa kuzuia damu umeishia ngazi ya pili na ya tatu. Ngazi ya nne inafikika: Uturuki wana dawa ya kuzuia damu iitwayo Ankaferd, iliyotokana na mchanganyiko wa kienyeji wa mimea mitano, ambayo imepimwa kwa wagonjwa na kuruhusiwa kutumika hospitalini. Natamani siku moja jani la kwetu lifikishwe huko, na taasisi ya Wizara ya Afya iliyoko Wandegeya, Kampala, inayochunguza dawa za asili, ndiyo mahali ninapopatazamia.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba watafiti hawapimi jani lililosuguliwa viganjani. Hupima dondoo, yaani majani yaliyokaushwa, yakasagwa, yakalowekwa katika alkoholi au maji, yakachujwa, na kipimo chake kikajulikana kwa miligramu.

Makaayi

Mmea huu wa jamii ya alizeti, wenye maua ya manjano na majani yanayokwaruza, wataalamu wa mimea huuita Aspilia africana. Huota kando ya njia na katika mashamba yaliyolazwa, kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu, na kinachonivutia ni kwamba watu wa pande hizo mbili za bara wameupa kazi moja. Majani mabichi hupondwa mpaka yatoe maji ya kijani, maji yakadondoshewa kwenye mkato, na makapi yakabandikwa juu.

Kwa upande wa damu, makaayi ndio mmea wenye utafiti unaolijibu swali letu moja kwa moja kuliko mingine niliyoitazama. Mwaka 2007 watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya kupima dondoo ya majani yake kwa panya: muda wa kutoka damu ulipungua, na damu iliganda mapema kuliko pale ambapo dondoo haikutumiwa. Dondoo hiyo ilizuia pia kukua kwa Staphylococcus aureus, bakteria anayeleta usaha katika vidonda vingi, na vidonda vya panya viliwahi kufunikwa na ngozi mpya. Kwa hiyo anayesema kwamba makaayi huzuia damu hasemi jambo la kubuni. Lakini kutoka panya wa maabara hadi mguu wa mkulima kuna hatua ambazo bado hazijapigwa, na jani lililopondwa juu ya jiwe lenye udongo haliwezi kudai sifa za dondoo iliyochujwa.

Hatari zake ni za kawaida kwa majani mabichi: uchafu, wadudu wadogo, na mwasho kwa mtu ambaye ngozi yake haivumilii mimea ya jamii ya alizeti. Iongezwe hatari ya kukosea mmea, kwa kuwa maua ya manjano ni mengi kando ya barabara zetu, na alizeti mwitu inayopandwa kuwa ua wa nyumba si makaayi. Humfaa mtu mzima mwenye mkato mdogo, aliye mbali na kituo cha afya, anayeujua mmea bila kubahatisha na mwenye maji safi ya kuoshea jani na mikono.

Ssere

Hakuna shamba la kahawa lisilo na ssere. Ni Bidens pilosa, mmea ambao Watanzania wengi huuita kishona nguo kwa sababu ya mbegu zake nyeusi zinazong'ang'ania suruali na sketi. Matumizi yake ni yale yale ya makaayi, na majani machanga huliwa pia kama mboga wakati wa njaa, jambo linalotuonyesha kwamba si mmea wa sumu kali.

Kuhusu damu, ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa makaayi. Uzito wa utafiti uko katika kuponya. Dondoo ya majani yake imepakwa kwenye vidonda vya panya na imeonyesha kusaidia ngozi kujifunga, na maabara nyingi zimeona ikizuia baadhi ya bakteria na kuwaacha wengine. Mmea una flavonoidi, kemikali zinazopunguza uvimbe, ambazo huenda ndizo zinazofanya sehemu ya kazi hiyo.

Hatari moja ya ssere huwa haisemwi, nami nataka niikazie. Mmea huu hunyonya madini mazito kutoka ardhini, hasa kadimiamu, na kuyaweka katika majani yake, kiasi kwamba wanasayansi wameuchunguza kama chombo cha kusafishia udongo uliochafuliwa. Ssere ya kando ya barabara kuu, ya karibu na jalala, au ya penye mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe, haifai kuwekwa kwenye kidonda wala chunguni. Vivyo hivyo ile iliyopuliziwa dawa ya magugu, maana katika mashamba mengi ssere ndiyo inayolengwa na dawa hiyo. Humfaa mtu anayeichuma katika bustani yake mwenyewe, anayejua kilichomwagwa pale, na ambaye mkato wake umeshaacha kutiririka.

Namirembe

Jina lenyewe linabeba amani, na pengine ndiyo sababu watu huliamini. Namirembe ni Ageratum conyzoides, gugu dogo lenye manyoya laini na maua ya zambarau hafifu au meupe, na katika nchi nyingi za joto majani yake hukamuliwa kwenye mikato. Tafiti za wanyama zimeonyesha kwamba dondoo yake husaidia vidonda kupona, na hudhuru baadhi ya bakteria. Kwa haki, basi, lisiwekwe chini ya ssere kwa upande wa kuponya.

Tofauti iko kwenye usalama. Namirembe lina alkaloidi za pirolizidini, kemikali zinazoharibu ini zikiingia mwilini kwa kurudiarudia. Kule Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ugonjwa mzito wa ini uliowasumbua wanavijiji katika miaka ya 2000 ulihusishwa na mbegu za gugu hili zilizochanganyika na nafaka yao. Ni kweli kwamba kula mkate kila siku ni tofauti na kupaka jani mara moja. Lakini mmea wa Ulaya uitwao Symphytum, wenye alkaloidi za aina hiyo hiyo, huko Ulaya hushauriwa upakwe kwenye ngozi isiyo na jeraha tu, na sababu inaeleweka: kidonda kilichofunguka ni mlango. Kwa mtu mzima aliyekamua jani mara moja katika maisha yake sioni la kutisha. Kwa kidonda cha kupakwa kila siku kwa majuma, kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa mama anayenyonyesha, au kwa mtu mwenye homa ya ini, mimi ningeliacha, hasa kwa kuwa makaayi na ssere kwa kawaida hazikosekani jirani.

Utomvu wa mbono

Mbono, au mbono kaburi kwa watu wa pwani, Waganda huuita kiroowa na wataalamu huuita Jatropha curcas. Wakulima wa vanila wa Mukono na Bundibugyo wanaujua vizuri, kwa sababu huupanda uwe nguzo hai ya kubeba mivanila yao. Kijiti kikivunjwa, utomvu hutoka, nao hudondoshewa moja kwa moja kwenye mkato, bila kuponda wala kusugua. Hiyo ni faida, kwa maana utomvu unaotoka ndani ya kijiti haukupita viganjani mwa mtu.

Ushahidi wake unastahili kusomwa kwa makini kuliko wa mmea mwingine wowote hapa. Mwaka 2003 watafiti wa Nigeria walipima utomvu huu kwenye damu ya binadamu maabarani na kukuta kwamba utomvu mzima, usioongezwa kitu, uliharakisha kuganda. Walipouongeza maji, ulifanya kinyume: ulichelewesha damu kuganda, na ulipochujuka sana damu haikuganda kabisa. Kitu kimoja, mikondo miwili, na kinachoamua ni kipimo. Kwangu mimi hili linabadilisha ushauri wote. Anayeosha kidonda kisha akadondoshea utomvu kingali kimejaa maji, au anayeudondoshea kwenye mkato unaotiririka damu nyingi, huenda anauchujua mwenyewe bila kujua. Basi ukitumiwa, utumiwe kwenye mkato mdogo uliokaushwa kwa kitambaa safi, na usichanganywe na chochote.

Hatari zake ni mbili. Utomvu huunguza macho na huwasha ngozi laini, hivyo haufai usoni. Mbegu zake ni sumu. Mtoto akizila hutapika na kuhara sana, na nyumba yenye watoto isigeuze mti huu kuwa kabati la dawa wanalolichezea. Humfaa mtu mzima mwenye mkato mdogo na mkavu wa mkono au mguu, ambaye mti anao na anautofautisha na mimea mingine yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo baadhi yake huunguza vibaya.

Mgomba

Kuhusu utomvu wa mgomba sina mengi. Hutiwa kwenye mikato kila mahali palipo na matooke, una tanini zinazokaza ngozi na kugandisha protini, na hauna sumu inayojulikana ya kutisha, ila huacha doa lisilotoka nguoni. Utafiti wake wa kuzuia damu ni mdogo. Lakini jani la mgomba lina kazi nyingine iliyofika ngazi ya nne: mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, India, walichapisha kazi yao ya kutumia majani ya mgomba yaliyosafishwa kwa joto kufunika vidonda vya moto vya wagonjwa, na sifa yake kubwa ni kwamba halishiki kidonda, hivyo kulibandua hakuumi na hakurudishi damu. Anayefunga kidonda kilichokwisha kukauka damu, na hana shashi, ana sababu nzuri ya kuchemsha jani la mgomba kabla ya kulitumia kuliko kukata shuka kuukuu.

Asali, na vitu vya kuachwa

Asali si jani wala haizuii damu, lakini nimeiingiza kwa kuwa watu huilinganisha na majani kila mara. Nafasi yake huja baada ya damu kukoma. Sukari yake nyingi huwanyima bakteria maji, ina asidi, na hutoa kidogo kidogo kemikali inayoua vijidudu. Hapa ushahidi uko kwa watu kabisa: mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2015 yalikuta kwamba asali iliponya mapema majeraha ya moto yasiyo ya kina, na pia vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha, kuliko baadhi ya matibabu ya kawaida. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi; ile ya chupa ya barabarani iliyoongezwa maji ya sukari haina dai hilo.

Samadi, udongo, majivu, unga wa kahawa, utando wa buibui na mafuta ya taa sikuvilinganisha na chochote. Vimelea vya pepopunda huishi katika udongo na samadi, na kuviweka kwenye kidonda ni kuvipandikiza. Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kuwa imeitokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma, kazi iliyofanywa kwa chanjo na kwa uzazi safi, na haifai kuirudisha kwa mlango wa shamba.

Uchague nini, kwa hali ipi

Kama mkato ni mdogo na maji safi yapo, anza na kukandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 kamili kwa saa, bila kufunua kuchungulia, huku kiungo kimeinuliwa juu. Kisha osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Mikato mingi ya namna hii haitahitaji jani lolote. Anayemhudumia mwingine avae glavu, au avike mkono wake kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu homa ya ini aina B na virusi vya Ukimwi hupita katika damu.

Kama uko shambani mbali na kila kitu na huna kitambaa safi, makaayi au ssere iliyooshwa na kukandamizwa ni chaguo linaloeleweka, na kati ya hizo mbili makaayi ina ushahidi zaidi kwa damu yenyewe, ilhali ssere hupatikana kwa urahisi zaidi. Kama mkato ni mdogo na mkavu, na mbono uko hapo, utomvu wake mzima unaweza kuchukua nafasi yao kwa mtu mzima. Katika hali zote tatu toa makapi na uoshe kidonda mara ufikapo nyumbani, kwa maana jani lililolazwa usiku kucha chini ya bandeji huwa mboji.

Kama ni mtoto au mjamzito, kitambaa na mkono vitoshe. Namirembe na mbono zisiguswe. Kama damu imekoma na shida yako ni kufunga kidonda, fikiria asali safi na jani la mgomba lililochemshwa, au shashi ikiwa ipo.

Kama damu inaruka kwa mapigo, au inalowanisha kitambaa cha pili, au jeraha liko shingoni, kifuani au tumboni, au mfupa unaonekana, usimtume mtu kutafuta jani lolote kati ya haya. Kandamiza kwa nguvu zako zote na uendelee kukandamiza juu ya bodaboda au gari mpaka kituo cha afya cha ngazi ya nne (Health Centre IV) au hospitalini. Aliyeumwa na nyoka na kutokwa damu pale meno ya nyoka yalipoingia apelekwe vilevile bila dawa ya majani, kwa kuwa damu hiyo inaweza kuwa imeshindwa kuganda kwa sumu.

Kwa kidonda chochote kilichogusa udongo, jikumbushe tarehe ya chanjo yako ya mwisho ya pepopunda. Ikiwa imepita miaka 5 kwa kidonda kichafu, au miaka 10 kwa kidonda safi, au hukumbuki, nenda ukachanjwe hata kama kidonda kinaonekana kizuri. Wanaume walitazame hili kwa uzito, kwa sababu chanjo ya ukubwani imewalenga zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, na wengi wetu hatujachomwa sindano hiyo tangu utotoni.

Na kama una mtoto ambaye mkato mdogo, jino lililong'oka au kutahiriwa humfanya atokwe damu kwa saa nyingi au siku, au wewe mwenyewe unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiendelee kutafuta jani lenye nguvu zaidi. Huenda tatizo limo katika damu yenyewe, na kipimo cha kulijua hufanyika katika hospitali ya rufaa. Mweleze daktari kila jani ulilowahi kutumia, kwa jina lake la kienyeji, na ukiweza ubebe tawi lake.